Fedha za Visiwa na Maji ya Kibera

Mtu wa pwani akitaka kujua mvua itakuja lini, hatazami kalenda ya ukutani, hutazama upepo. Kaskazi ikianza kulegea, malelezi yakaingia, hujua kuwa kusi iko njiani na masika yako mbele yake. Wazee wa Pemba, wa Makunduchi na wa Lamu walikwenda mbali zaidi ya hapo. Walihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, wakajua mwongo upi wa kusafisha konde, mwongo upi wa kupanda, na mwongo upi ambao nahodha mwenye akili hatweki tanga. Na juu mbinguni walikuwa na Kilimia chao: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hii ilikuwa elimu, wala si ushirikina, na aliyeidharau alijionea shambani au baharini.

Siku hizi elimu ya namna hii imepata wasemaji wapya. Katika mikutano mikubwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ni nadra tamko kutoka bila kuyataja maarifa ya wenyeji. Tarehe 4 hadi 6 Septemba 2023 mkutano wa Afrika wa jambo hilo ulifanyika Nairobi, katika jumba la KICC. Viongozi wakatoa Azimio la Nairobi, wakitaka, pamoja na mengine, mpango wa kodi ya dunia nzima utakaogusa biashara ya mafuta, safari za meli na safari za ndege, ili zipatikane fedha za kuwakinga walio hatarini. Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika mwaka ule alikuwa Rais Azali Assoumani wa Komoro, mtu wa visiwani, ambaye nchi yake ilipitiwa na kimbunga Kenneth mwezi Aprili 2019 kabla hakijaipiga pwani ya Msumbiji.

Kutoka KICC hadi Kibera ni mwendo wa kilomita chache tu, na Kawangware nayo haiko mbali. Mkutano ulipokwisha wageni walirudi kwao. Mwaka uliofuata, Idd el-Fitr ikawa tarehe 10 Aprili, na kabla mwezi huo wa Aprili haujaisha mito ya Nairobi ikavunja kingo zake. Katika Kenya nzima masika yale ya 2024 yalichukua roho za watu zaidi ya 200. Basi swali langu ni hili: fedha zinazoombwa kwa jina la walio hatarini, na maarifa yanayosifiwa kwa jina la wenyeji, vinakutana wapi na mtu wa Silanga ambaye maji yamemfika magotini?

Majina ya mahali

Wasomaji wengi wa pwani wenye jamaa Nairobi wanaijua Makina, sehemu ya Kibera yenye Waislamu wengi, ambako Wanubi wameswali na kuzikana kwa zaidi ya miaka mia moja. Hawa ni wajukuu wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, wakapewa mahali pa kukaa nje ya mji. Mwaka 1918 ardhi ile, ekari zaidi ya 4,000, ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi. Wao waliiita Kibra, na kwa Kinubi maana yake ni msitu. Mwaka 2017 walipewa hati ya ekari 288. Zilizobaki msomaji atajaza mwenyewe: barabara, mitaa ya watu wenye nafasi, uwanja wa gofu, na mabanda.

Jina hilo la msitu lina faida kuliko ramani nyingi. Linatuambia kwamba mteremko huu wote ulikuwa na miti iliyoyanywa maji kabla hayajafika bondeni. Leo mahali pa majani pana mabati, bati limegusana na bati, na aghalabu hakuna mfereji wa paa. Tone linaloanguka juu ya bati halina pa kunywewa. Lazima literemke, na linateremka na takataka zote zilizo njiani. Chini kabisa linakuta mto Motoine, na mto unaingia katika Bwawa la Nairobi lililochimbwa miaka ya hamsini, kisha unatoka upande wa pili ukiitwa mto Ngong. Wakubwa wa zamani walikuwa na klabu ya mashua za tanga katika bwawa hilo. Sasa limejaa tope na magugu maji, na bwawa lililojaa tope haliwezi kupokea mgeni. Maji hurudi yalikotoka, kwa watu wa Silanga na Lindi. Nalo neno silanga, kama wanavyolitumia watu wa bara ya Kenya, ni lambo la maji. Aliyekwenda kupanga chumba pale alikuwa ameonywa na jina lenyewe. Mashimoni nako hakuhitaji tafsiri.

Kawangware ina habari nyingine. Jina lake husemwa limetoka kwa ngware, ndege wa Kikuyu ambaye sisi tunamwita kwale, na kwa hiyo Kawangware na Kwale ya pwani ni majirani kwa jina. Hapa mto ni mto Nairobi wenyewe, unaotoka katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapita Dagoretti. Tofauti kubwa ni ardhi. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali, na mwenye banda hana hati. Kawangware sehemu kubwa ni mashamba ya watu, yenye hati, yaliyokatwakatwa viwanja kwa urithi na kwa kuuza. Mwenye kiwanja hujenga vyumba hadi ukingoni mwa kijito kwa sababu kila chumba ni kodi ya mwezi. Yeye mwenyewe halali pale. Anayelala pale ni mpangaji, na mpangaji ndiye asiyeulizwa lolote pande zote mbili za mji.

Pwani hatuna haki ya kucheka. Unguja kuna Darajani, na daraja lililoipa jina lilivuka mkono wa bahari ambao baadaye ulijazwa kifusi ukawa mji. Mombasa kuna Bondeni na kuna Ziwani. Mvua kubwa ikija huyakumbuka majina hayo hata kama sisi tumeyasahau.

Kitanda juu ya matofali

Mkaazi wa bonde la Kibera hana miongo wala hana Kilimia. Moshi na taa za mji havimwachii nyota. Lakini ana elimu yake. Anajua kwamba wingu likiwa zito upande wa Dagoretti na Ngong, hata kama kwake kumekauka, maji yatafika. Anajua mlio wa mto unapobadilika usiku. Kitanda chake amekiinua juu ya matofali, vyeti vya watoto ameviweka ndani ya mfuko wa nailoni na kuvitia darini, na mlangoni ameweka kizingiti cha magunia ya mchanga. Akiamka wa kwanza hugonga bati la jirani, na jirani hugonga la jirani yake. Wenye kuyajua haya zaidi ni wanawake, kwa sababu ndio wanaoshinda nyumbani, na ndio wanaotafuta pa kuwapeleka watoto.

Idara ya Hali ya Hewa nayo ina elimu yake, ya mitambo na setilaiti, na kwa kawaida haikosei sana. Ila inasema kwa lugha ya ofisini. Kumwambia mama wa Lindi kwamba kuna uwezekano wa mvua zilizo juu ya wastani katika nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa ni kumwambia maneno ya kweli yasiyomfaa. Anataka kujua leo alale wapi.

Kati ya mwaka 2018 na 2020 palikuwa na mradi ulioitwa DARAJA, jina zuri kwa kazi yake. Ulifanyika Nairobi na Dar es Salaam, katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Idara za hali ya hewa za nchi hizo mbili zilikaa pamoja na wakaazi, utabiri ukaandikwa upya kwa maneno ya mtaani, ukapelekwa kwa redio, kwa simu na kwa watu wanaosikilizwa mtaani. Mmoja wa waliouendesha Nairobi ni shirika la Kounkuey Design Initiative, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likijenga pamoja na vikundi vya Kibera viwanja vidogo kando ya mto: kuta za mawe yaliyofungwa kwa waya kuzuia ukingo usimomonyoke, mifereji, vyoo, mahali pa watoto kucheza. Katika mambo niliyoyasoma juu ya mji huo, haya ndiyo niliyoyaona kuwa na akili zaidi, kwa sababu yalianza kwa kumwuliza mkaazi maji hupita wapi. Lakini ni viwanja vichache, na mto ni mrefu.

Mapema mwezi Mei 2024 ikatoka amri kwamba wote walio kando ya mito waondoke. Matingatinga yakaingia katika mabonde ya Nairobi, na serikali ikatangaza shilingi 10,000 kwa familia zilizoondolewa. Kuishi ukingoni mwa mto ni hatari, hilo halina mjadala. Lakini mtu hakujenga pale kwa kupenda upepo wa mto. Alijenga pale kwa sababu ndipo palipobaki.

Nani anahesabiwa

Sasa tuje kwenye fedha. Nchi ndogo za visiwa zilianza zamani kudai kwamba aliyechafua anga amlipe anayezama. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwaka 2022, kule Sharm el-Sheikh, mataifa yakakubali kuunda mfuko wa hasara na uharibifu. Mwaka 2023, mkutano wa Dubai ukaufungua kwa ahadi za kiasi cha dola milioni 700. Mwaka 2025 bodi ya mfuko huo, ilipokutana Barbados, ikatenga dola milioni 250 za kuanzia, na ikaamua kwamba angalau nusu yake iende kwa nchi ndogo za visiwa na kwa nchi zenye maendeleo duni kabisa.

Wasomaji wetu wanazijua sharti za wakfu. Kuna aliyetoa, kuna msimamizi, kuna aliyewekewa, na aliyewekewa lazima atajwe, ama sivyo msimamizi atakula na jamaa zake. Tuupime mfuko huu hivyo hivyo. Komoro imetajwa mara mbili, kwa kuwa ni visiwa na kwa kuwa ni maskini. Shelisheli imetajwa kwa visiwa. Tanzania imetajwa kwa umaskini, na Unguja na Pemba zimo ndani ya jina la Tanzania, si kwa majina yao. Kenya haimo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo Pate, ambayo ni kisiwa kama kisiwa kingine chochote, yenye watu wa Faza na Siyu wanaovua bahari ile ile ya Mngazija, haihesabiwi kuwa kisiwa katika daftari la dunia. Haina bendera yake. Kibera nayo haina.

Shelisheli wana kilio kinachofanana na hiki. Kwa miaka mingi wameambiwa kuwa ni nchi ya kipato cha juu, kwa hiyo mikopo nafuu haiwahusu, kana kwamba bahari ikipanda huuliza kwanza mapato ya kila mtu. Walilazimika kutafuta njia zao, na mwaka 2018 walitoa hati za dhamana za dola milioni 15 kwa ajili ya bahari, za kwanza za aina hiyo duniani kutolewa na nchi. Kisha mwezi Agosti 2024 Umoja wa Mataifa ukakubali kipimo kipya kinachotazama udhaifu wa nchi mbele ya misukosuko, si mapato peke yake.

Kosa lililowaumiza Washelisheli ndilo linaloiumiza Kawangware. Wadi za Kawangware, Gatina na Kabiro zimo katika jimbo moja la uchaguzi na Kilimani na Kileleshwa, mitaa ya majumba na mabalozi. Ukichukua mapato ya jimbo zima ukagawa kwa vichwa, utapata watu wasio na shida. Na Nairobi yote ni kaunti tajiri kuliko zote za Kenya. Anayezama ndani ya wastani wa matajiri haonekani.

Mlango ulio karibu uko chini zaidi. Kenya ina sheria ya mabadiliko ya tabianchi tangu 2016, na kuna mpango wa fedha za kuzipitishia kaunti, uitwao kwa kifupi FLLoCA, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2021. Kwa utaratibu wake, kamati za wadi ndizo zinazotakiwa kukaa na wananchi, kuandika hatari zilizopo na kuchagua kazi za kufanywa. Hapo ndipo jina la Silanga, kitanda juu ya matofali na wingu la Dagoretti vinaweza kuingia katika karatasi inayoleta fedha.

Kwamba jambo hili linawezekana tumeliona kwetu. Gazi na Makongeni, huko Kwale, tangu mwaka 2013 wanakijiji wanaotambua mkandaa, muia na mchu kwa kuutazama tu wamekuwa wakitunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa chafu inayonyonywa na miti hiyo, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimeleta maji na kusaidia shule. Miti ilikuwepo tangu zamani na wenye kuijua walikuwepo. Kilichoongezwa ni kupima, kuandika, na kamati ya wanakijiji wenyewe kusimamia.

Kibra ina wadi tano. Wadi ya Lindi ni mojawapo ya mahali yanakorudi maji, na Makina ndiko waliko wazee wanaokumbuka vijito vilipopita kabla ya mabati. Wadi hizo mbili zinapakana. Wenye kuunda kamati zikumbukwe zote mbili, na miongoni mwa wajumbe awepo mpangaji, tena mwanamke. Na kwa jamaa zetu wa Pate, Faza nayo ni wadi.