Skeli ipi ifuate kodi isiyokuwa na 'mi'?

MWANAFUNZI wa gitaa anayetunga mahadhi juu ya kodi za nguvu, zile zinazovuma katika muziki wa roki, hukumbana mapema na kitendawili. Karibu kila noti aipigayo hukubalika, lakini wimbo hukosa sura; haujulikani iwapo ni wa furaha au wa majonzi.

Kiini cha tatizo ni kwamba kodi hiyo (neno hili halihusiani na ushuru wa serikali) ina noti mbili tu. Waliowahi kuimba kwaya wataelewa upesi: kodi ya kawaida huwa na do, mi na so, ilhali ya nguvu hubakiwa na do na so. Ikipigwa katika A, husikika A na E pekee. Iliyoachwa, mi, ndiyo inayoamua kama kodi ni kubwa, yenye uchangamfu, au ndogo, yenye huzuni.

Haikuachwa kwa uvivu. Roki hupenda sauti iliyokwaruzwa makusudi. Mmarekani Link Wray alitoboa spika kwa penseli ili aipate katika kibao 'Rumble' cha mwaka wa 1958. Katika mkwaruzo huo, noti zinazopigwa pamoja huzaa nyingine za ziada. Mitetemo ya do na so ina uwiano sahili wa 2 kwa 3, nayo huzaa do ya chini zaidi, ndiposa kodi ikavuma kwa uzito. Mi ikitiwa humo, sauti huvurugika.

Basi uamuzi huachiwa mahadhi. Juu ya kodi ya A peke yake, mpigaji akigusa C, wimbo huingia huzuni. Akigusa C iliyopandishwa nusu, huchangamka.

Uhuru huo hupungua kodi zinapofuatana. Inafaa kuorodhesha noti za kodi zote kabla ya kuchagua skeli. Zikiwa A, G na F, noti ni A, E, G, D, F na C. C imo tayari, kwa hivyo skeli ndogo ya A ndiyo stahiki. Zikiwa A, D na F iliyopandishwa nusu, ile C iliyopandishwa imo, na skeli kubwa hutawala.

Zikiwa A, G na D, hakuna C ya aina yoyote. Hapo wengi hukimbilia skeli ndogo ya noti tano, yaani A, C, D, E na G. Ni salama, ila usalama huo umefanya nyimbo nyingi za wanagenzi zifanane kama maji na maji. Afadhali wakati mwingine wajaribu skeli kubwa ya A huku G ikibaki bila kupandishwa.

Hata hivyo, mwimbaji asikilizwe kwanza, kwa kuwa huenda amekwisha kuiimba mi yake, na gitaa likishika nyingine, masikio ya hadhira yatagundua mara moja.