Mkazo na Kiimbo katika Sheng ya Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Sheng, ambayo wataalamu wengi huhusisha chimbuko lake na mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hushutumiwa mara kwa mara kuwa ni msimbo usio na kanuni. Aghalabu shutuma hiyo huegemea msamiati na upatanisho wa kisarufi. Fonetiki, taaluma inayochunguza jinsi sauti za lugha zinavyotamkwa, zinavyosafiri hewani na zinavyosikika, inatoa picha tofauti. Makala haya yanabainisha kwamba Sheng huifuata kanuni ya mkazo ya Kiswahili hata pale inapolikata neno.

Mkazo

Katika Kiswahili, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Maneno yanayokiuka kanuni hii ni machache. Mfano mashuhuri ni ba'rabara (sawasawa) ukilinganishwa na bara'bara (njia), ambapo alama (') hutangulia silabi yenye mkazo.

Tuchukue majina ya mitaa: Maka'dara, Buru'buru na Kalo'leni. Katika Sheng huwa 'Maka, 'Buru na O'lolo. Lau vijana wangekata mkia wa neno tu bila kujali lolote, Maka lingebaki bila mkazo, kwa kuwa silabi -da- iliyoubeba imeondolewa. Badala yake, mkazo umehamia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno jipya. Ndivyo ilivyo pia kwa cha'pati na 'chapo: silabi -pa- imegeuka -po, ikapoteza mkazo, nayo cha- ikaupokea. Kanuni haikufundishwa na yeyote. Imo katika umilisi wa msemaji.

Muundo wa silabi

Hata hivyo, Sheng haiigi Kiswahili katika kila jambo. Maneno ya asili ya Kiswahili huishia kwa irabu, ilhali Isich (Eastleigh) na mat (matatu) huishia kwa konsonanti, yaani kwa silabi funge. Isitoshe, mat lina silabi moja tu, hivyo hakuna silabi ya pili kutoka mwisho ya kubeba mkazo. Hapa ndipo tofauti halisi ya kifonolojia inapojitokeza.

Kiimbo

Kiimbo ni kupanda na kushuka kwa kidatu katika usemi. Utingo akimuuliza abiria, "Buru?", naye abiria akajibu, "Buru," sauti ni zilezile na mkazo ni uleule. Kinachotenganisha swali na jibu ni kiimbo: katika swali kidatu hupanda, katika kauli hushuka. Kiswahili nacho hutofautisha "Amefika?" na "Amefika" kwa njia hiyohiyo, bila kubadili mpangilio wa maneno. Tofauti hizi zinaweza kupimwa kwa programu ya Praat, iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo huchora mkondo wa kidatu na hupatikana bila malipo.

Hitimisho

Fonetiki haiamui iwapo Sheng inafaa kutumiwa katika insha. Hilo ni suala la sajili na usanifishaji. Inachodhihirisha ni kwamba mwanafunzi wa Eastlands huingia darasani akiwa tayari anaimiliki kanuni ya mkazo. Mwalimu anayefundisha shadda anaweza kuanza na majina ya mitaa ambayo mwanafunzi huyo huyatamka kila siku, kisha amwongoze kuigundua kanuni mwenyewe. Kumwambia kwamba usemi wake hauna kanuni ni kumnyima mfano ulio karibu naye zaidi, na ni kinyume cha ushahidi wa sauti zenyewe.