Breki isiwe soli ya kandambili

Katika muda wa miezi mitatu kijana wangu alimaliza jozi mbili za kandambili. Mama yake aliponiletea jozi ya pili na kunitaka ninunue nyingine, nilikuwa nimekwisha kuyaandaa maneno ya kumkanya mtoto juu ya israfu. Kabla sijayatamka, nikazigeuza zile kandambili. Ya kushoto ilikuwa karibu nzima. Ya kulia ilikuwa imelika katikati ya soli, mfereji mpana na laini, kana kwamba imepigwa tupa.

Nikamwita. "Mwanangu, hii imekuwaje?"

"Baba, ndiyo ninayosimamishia baiskeli."

Akanionesha. Huinua mguu wa kulia, akaupitisha nyuma ya foku na kulikandamiza tairi la mbele kwa unyayo mpaka baiskeli ipunguze mwendo. Njia yake ya kwenda madrasa inateremka hadi kwenye daraja dogo ambako bodaboda hupita kwa kasi. Kila alasiri, kwa miezi mitatu, mwanangu aliuteremka mlima ule bila breki, nami nikimwaga mlangoni kwa dua.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba. Ulisema ningoje Ijumaa ipite."

Ni kweli aliniambia. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na kila Ijumaa ina shughuli zake: matangazo, michango, kikao. Ijumaa zilipita nyingi. Ninalisimulia jambo hili kwa sababu ninaamini si mimi peke yangu, na kwa sababu kazi niliyoiahirisha miezi mitatu ilinichukua chini ya saa moja.

Jinsi breki inavyochakaa

Baiskeli nyingi za watoto wetu hutumia breki za waya. Mtoto anapobana mkono wa breki, waya huvuta vyuma viwili vilivyoshika raba, na raba hizo huibana rimu kutoka pande zote mbili. Msuguano huo ndio unaosimamisha baiskeli, na ndio huohuo unaoila raba kidogo kidogo. Mchanga na matope huzidisha ulaji.

Mtoto aendaye mwendo wa kilomita 18 kwa saa hukata mita 5 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka imekwisha kumpeleka mita tano kabla hata hajabana breki. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kubana breki huongezeka takriban mara nne. Hii ndiyo sababu breki inayoonekana kutosha uani hushindwa mteremkoni. Mvua ikinyesha, rimu huteleza na umbali huo huzidi kurefuka.

Ukaguzi wa dakika mbili

Kwanza, tazama raba. Raba mpya ina mifereji midogo usoni mwake. Mifereji ikishafutika, raba imekwisha. Usingoje chuma kianze kuikwaruza rimu. Pili, bana mkono wa breki. Ukigusa usukani, waya umelegea au raba zimeisha. Tatu, kagua waya wenyewe, hasa unapoingia kwenye mkono wa breki. Ukiona hata uzi mmoja umekatika, badilisha waya wote, kwani nyuzi zilizobaki zitaufuata. Nne, zungusha gurudumu na uangalie kama rimu inayumba au ina ufa.

Kubadilisha raba

Utahitaji spana, ambayo aghalabu ni namba 10, pamoja na koleo, msasa, kitambaa na sabuni. Baadhi ya baiskeli hufungwa kwa ufunguo wa pembe sita badala ya spana.

Anza kwa kuiosha rimu kwa maji ya sabuni na kuikausha. Usipake mafuta wala oili kwenye rimu au kwenye raba, hata kama breki inapiga kelele. Kelele itakwisha, na breki nayo itakwisha. Ikiwa raba bado ni nene lakini uso wake umekuwa mgumu na wenye kung'aa, isugue kwa msasa na uchokoe vipande vya chuma vilivyojichimbia ndani yake. Huenda usihitaji kununua kitu.

Ikiwa zimeisha, legeza nati, toa raba za zamani na uende nazo dukani ili upewe za aina ileile. Badilisha zote mbili za gurudumu moja kwa pamoja.

Katika kufunga, zingatia mambo mawili. La kwanza ni upande. Raba nyingine hukaa ndani ya kiatu cha chuma kilichozibwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili. Upande uliozibwa uelekee mbele. Ukikosea, siku mtoto atakapobana breki kwa nguvu, gurudumu litaichomoa raba na kuitupa. La pili ni kimo. Raba iguse rimu tu. Ikipanda, italikata tairi. Ikishuka, inaweza kutumbukia kwenye spoku na kulifunga gurudumu ghafla. Mwambie mwanao abane mkono wa breki ili raba ilale sawasawa kwenye rimu, nawe ukaze nati.

Kisha rekebisha waya. Legeza nati inayoubana, uvute kwa koleo mpaka kila raba ibaki milimita 2 au 3 kutoka kwenye rimu, halafu kaza. Zungusha gurudumu, lizunguke bila kugusa raba.

Jaribio kabla ya safari

Usimpandishe mtoto kwanza. Sukuma baiskeli kwa mkono na ubane breki ya mbele: gurudumu la nyuma liinuke. Bana ya nyuma: gurudumu la nyuma ligome kuzunguka na kuburuzika. Bana mikono yote miwili kwa nguvu zako zote mara kadhaa. Waya ukichomoka, heri uchomoke mikononi mwako. Hakikisha pia kwamba vidole vya mtoto vinaufikia mkono wa breki. Mikono mingine ina skrubu ndogo ya kuusogeza karibu na usukani.

Mfundishe kubana breki zote mbili kwa pamoja, na kuanza mapema anapoteremka. Ya mbele ina nguvu zaidi, lakini ikibanwa peke yake kwa ghafla yaweza kumrusha mtoto juu ya usukani.

Rimu ikiwa imepinda au ina ufa, mpelekee fundi. Vivyo hivyo kwa baiskeli kubwa kama Phoenix ambazo breki zake huvutwa kwa vyuma badala ya waya, na kwa zile zinazosimama kwa kurudisha pedeli nyuma, ambazo breki yake imo ndani ya gurudumu. Hakuna aibu kumlipa fundi. Aibu ni kujua na kunyamaza.

Mzazi mwenzangu, mtoto ni amana, na baiskeli tuliyompa kwa mapenzi haipaswi kuwa sababu ya majuto. Siku ile nilimshikisha mwanangu spana, akafunga raba ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo, kabla ya kutoka, hubana breki zote mbili mlangoni huku nikimtazama, ndipo tukaagana kwa dua. Kaitazame baiskeli ya mwanao leo. Usiseme Ijumaa.