Nyumba ya Paneli: Kabla Kikundi Hakijatoa Pesa

Tangu watu waanze kuona kuta za povu jeupe zikisimamishwa mijini, tunaulizwa swali moja: je, hizi paneli zinaweza kutufaa huku Migori na Homa Bay?

Paneli ni ubao mnene wa povu, kama lile linalozuia televisheni mpya isivunjike ndani ya katoni, nao umeshikwa pande zote mbili na wavu wa waya. Shirika la serikali la nyumba, NHC, lilijenga kiwanda cha paneli hizi kule Mavoko, karibu na Nairobi. Watu wawili hubeba moja bila taabu. Husimamishwa juu ya msingi, ikafungwa kwa vyuma vifupi vilivyochomoza, halafu ikapigwa plasta ya simiti na mchanga, kama sentimita 3 kila upande. Hapa ndipo wengi hukosea. Povu halibebi nyumba. Kinachobeba ni ile plasta pamoja na waya, na plasta isiyomwagiwa maji siku saba ni dhaifu hata ikipakwa rangi ya kupendeza.

Ubaridi wake unatoka wapi? Povu karibu lote ni hewa iliyofungwa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Wazee wetu walilijua hilo bila kiwanda: paa la nyasi nene lilijaa hewa. Tulipohamia mabati tulipata maji ya mvua ya kunywa (asante Mungu), lakini joto pia tukalinunua. Katika nyumba ndogo ya mabati, joto kali la mchana hushuka kutoka juu. Ukijenga kuta za paneli ukaacha mabati bila dari, umefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Sasa gharama. Kutoka Mavoko hadi huku ni zaidi ya kilomita 300. Paneli ni nyepesi lakini zinajaza lori, yaani unalipa kusafirisha hewa. Ongeza simiti ya pande mbili, wavu wa kona za milango na madirisha, na fundi aliyewahi kuifanya kazi hii. Kikundi kinachomjengea mama mjane vyumba viwili kwa pesa za mzunguko, sisi tungesema la. Tumieni matofali ya murram na simiti yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, pesa nyingine iende kwa dari. Vikundi vitano vikiungana kujenga nasari au zahanati, lori likajaa, hapo hesabu inaanza kuongea vizuri.

Karibu na ziwa, kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, wepesi wa kuta si ruhusa ya kuchimba msingi mfupi.

Na moto, jamani. Povu huyeyuka na kutoa moshi mbaya sana. Msibandike vipande vitupu chini ya mabati ya jikoni, hata mkipewa bure.

Fundi wa stima naye aitwe mapema, kwa sababu mabomba yake hupita nyuma ya wavu kabla ya plasta. Akija mwisho, atapasua ukuta mpya kwa nyundo, na kuukata ule waya unaobeba nyumba.