Fedha ya Kuwafundisha Watoto Mwendo wa Barabarani

Barabara ikitengenezwa kila mtu huiona, na wakubwa huwaonyesha wageni. Lakini mafundisho ya kuivuka barabara hiyo kwa salama hayaonekani kwa macho, na kwa hiyo fedha yake huwa ya kwanza kupunguzwa. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi wilaya moja ya Marekani ilivyoyatafutia mafundisho hayo fedha ya kudumu.

Wilaya hiyo ni Marin, katika jimbo la California, kaskazini ya mji wa San Francisco. Yafaa kwanza tujue hali ya nchi yenyewe. Mwaka 1969, katika kila watoto 100 wa Marekani wenye miaka 5 mpaka 14, 48 walikwenda shuleni kwa miguu au kwa baiskeli. Mwaka 2009 walibaki 13 tu. Mzazi aliyeogopa motokaa za watu alimpakia mwanawe katika motokaa yake, na kwa kufanya hivyo akaizidisha hatari ile ile aliyoikimbia.

Mwaka 2000 Serikali Kuu ilitoa dola 50,000 kwa Marin, na kiasi hicho hicho kwa mji wa Arlington katika jimbo la Massachusetts, ili wajaribu kuwarudisha watoto njiani. Katika shule za Marin zilizoshiriki, kufika mwaka 2002 waendao kwa miguu walikuwa wamezidi kwa 64 katika mia, na wenye baiskeli kwa 114 katika mia. Tuseme kweli, wenye baiskeli hapo kwanza walikuwa wachache, basi hesabu yao isitushangaze mno.

Kwa jaribio hilo ikapatikana sheria ya mwaka 2005, iliyotenga dola milioni 612 kwa miaka mitano kwa kazi iliyoitwa Njia Salama za Kwenda Shuleni. Tulipendalo sisi katika sheria hiyo ni jambo moja: kila jimbo liliamriwa kutumia sehemu ya fedha yake, isiyopungua 10 wala kuzidi 30 katika mia, kwa mafundisho na kazi nyingine zisizo za ujenzi. Wajenzi hawakuweza kuigusa. Wala miji na wilaya hazikudaiwa mchango wao.

Walakini sheria mpya ya mwaka 2012 ikaliondoa fungu hilo, ikalichanganya na mafungu mengine. Tangu hapo mwenye kutaka fedha ya mafundisho alishindana na mwenye kutaka njia ya miguu au ya baiskeli, na kwa kawaida akatakiwa kutoa mwenyewe 20 katika mia ya gharama.

Marin ilikuwa imekwisha kujiwekea akiba. Mwaka 2004 wapiga kura wake, zaidi ya theluthi mbili kama sheria ya California itakavyo, walikubali kutozwa nusu senti katika kila dola ya vitu vinunuliwavyo, kwa muda wa miaka 20. Katika kodi hiyo, 11 katika mia iliwekwa kwa ajili ya usalama wa njia za shule. Mwaka 2018 wakaiongeza muda wa miaka 30.

Fungu la kila mwaka lina maana yake. Daraja hujengwa mara moja, bali watoto wa darasa la pili huja wapya kila mwaka, nao hawajui kitu. Hao hufundishwa kusimama ukingoni, kutazama na kusikiliza. Wa darasa la nne hufundishwa baiskeli. Kule motokaa hushika mkono wa kuume, basi mtoto hutazama kwanza kushoto. Mwalimu wa Kenya, Uganda au Tanzania akilinakili somo hilo kama lilivyo atamwua mwanafunzi wake, maana kwetu gari la kwanza hutoka kuume.

Kodi hiyo huwalipa pia walinzi wa vivuko, wawasimamishao wenye motokaa watoto wapite. Hawatoshi. Vivuko hupangwa kwa kuhesabu watoto na motokaa zipitazo, na walinzi huwekwa kuanzia cha juu mpaka fedha ikome. Kivuko kilicho chini ya hapo hakipati mlinzi, isipokuwa mji au shule yenyewe ikubali kumlipa.