Ununuapo viatu, uulize mguu kabla ya macho

MJOMBA wangu alipoteremka basini mjini Garsen, ungedhani yeye ndiye bwana harusi. Suruali yake ilikuwa imepigwa pasi ikakata, shati lilikuwa jeupe pepepe, na miguuni alivaa viatu vipya vya ngozi ya kahawia, visivyo na kamba, vyenye kibati cha rangi ya dhahabu. Vijana waliokuwa stejini waligeuka kumtazama.

Tulikuwa tumekwenda kumposea mwanawe katika kijiji kimoja cha Wapokomo upande wa Ngao. Kutoka Mombasa hadi Garsen, kupitia Malindi, ni zaidi ya kilomita 200, na mjomba alikaa na viatu vyake miguuni safari nzima. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Waendeshaji bodaboda walituambia kwamba njia ya kijijini haipitiki. Ilibidi tutembee karibu saa nzima.

“Mjomba, hivyo viatu vitakuumiza. Ngoja nikutafutie gambuti pale dukani,” nilimwambia.

“Mtu haendi kuposa na gambuti, mwanangu,” alinijibu, akatangulia.

Anayeujua udongo wa delta ya mto Tana anajua yaliyofuata. Wakati wa kiangazi udongo huo mweusi hupasuka nyufa. Ukinyeshewa, hunata kama gundi. Mara mbili mjomba aliinua mguu, kiatu kikabaki nyuma. Tulifika, tukapokewa kwa heshima, na posa ikakubaliwa. Jioni, alipovua soksi, ndipo tulipoona damu. Lengelenge lilikuwa limepasuka kisiginoni na yeye hakuwa amehisi kitu.

Hakuhisi kwa sababu mjomba ana ugonjwa wa kisukari. Maradhi hayo yakikaa mwilini miaka mingi huweza kuua hisia za miguu na kupunguza damu inayofika huko. Kidonda kidogo huchelewa kupona, kikaingia uchafu na kuoza. Cha mjomba kilisafishwa na kufungwa kwa muda wa miezi miwili. Daktari alitueleza wazi kwamba vidonda kama hicho ndivyo vinavyowafikisha wengine kukatwa mguu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiviangalia viatu vya namna hii kwa jicho jingine.

Viatu vya mapumziko

Viatu vya kutumbukiza mguu vilianza kuwa maarufu mjini miaka mingi iliyopita. Mwaka 1936 kampuni ya G.H. Bass ya jimbo la Maine, Marekani, ilianza kuuza viatu hivyo kwa kuiga mtindo wa Norway, ikaviita Weejuns. Wanafunzi wa vyuo wakavipenda, wakawa wanachomeka sarafu ya senti kwenye upenyo ulio juu ya kiatu. Jina lake la Kiingereza ndilo hilo hilo lililotupa neno lofa, yaani mtu asiye na kazi anayezurura. Kwa hivyo jina lenyewe linakuambia: ni kiatu cha mtu aliyestarehe.

Lakini siku hizi barobaro wa chuo, karani na mwalimu wote huvivaa kutwa nzima. Wanapanda matatu, wanakimbilia mihadhara na kupanda ngazi za ofisi. Je, ni makosa? La hasha. Kosa ni kuvichagua kwa macho peke yake. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kumbuka kwamba kiatu cha kamba kikilegea unaweza kukikaza. Kiatu kisicho na kamba hushikwa na kipimo chake tu. Kikiwa kikubwa, vidole hujikunja ndani kukishikilia, na kisigino hupanda na kushuka hadi ngozi ichubuke. Kikibana, vidole huota sugu.

Namna ya kuchagua

Nenda dukani alasiri au jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Joto na kukaa basini kwa saa nyingi huuvimbisha zaidi. Kiatu kilichokutosha sawasawa asubuhi Mombasa huenda kikakubana kabla hujafika Garsen.

Vaa soksi utakazovitumia navyo, na ujaribu viatu vyote viwili. Watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, na huo mkubwa ndio wa kusikilizwa. Ukisimama, ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Usikubali muuzaji akuambie kwamba kitarefuka. Ngozi hupanuka kidogo kwa upana, lakini kiatu hakiongezeki urefu.

Halafu tembea. Usitembee kwenye zulia la duka, bali kwenye sakafu ngumu, uende na kurudi mara kadhaa. Kisigino kikicheza kidogo tu katika kiatu kipya, si neno. Kikitoka nje, rudisha kiatu.

Sasa kishike mkononi ukikunje. Kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, kama mguu wenyewe unavyokunjika. Kikikunjika katikati kama chapati, hakitaushikilia wayo wako. Kisipokunjika kabisa, utatembea kama uliyevaa mbao.

Geuza uangalie soli. Soli ya ngozi inapendeza, lakini huteleza kwenye sakafu yenye maji na hunywa unyevu. Kwa anayetembea sana, soli ya mpira yenye mikato na unene wa kutosha ndiyo rafiki. Ukitoka Garsen kuelekea Hola na Bura utakutana na mti wa mathenge, ambao ulipandwa Tana River katika miaka ya 1980 na baadaye ukaenea kupita kiasi. Mwiba wake hutoboa hata gurudumu, sembuse soli nyembamba ya mjini. Si ajabu wachungaji wengi wa huko hupendelea akala, ambazo hukatwa kutoka kwa magurudumu ya gari.

Kama mfuko wako unakupeleka Gikomba au Kongowea kutafuta mitumba, angalia kisigino kwa nyuma. Kikiwa kimelika upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa akitembea kwa kuegemea huko, nawe utaegemezwa vivyo hivyo. Ingiza mkono ndani upapase kama kuna msumari au mshono uliotuna. Soli iliyoshonwa ni afadhali kuliko iliyobandikwa tu, maana gundi ya zamani huachia mvua ya kwanza ikinyesha.

Viatu vipya usivianzishie safarini. Vivae nyumbani saa moja leo, saa mbili kesho, hadi vikuzoee. Vikilowa, vijaze magazeti makuukuu na uvianike kivulini. Jua kali na moto hukausha ngozi hadi ipasuke. Na ukilala mashambani, vikung'ute asubuhi kabla ya kuvaa, kwani nge naye hupenda nyumba yenye giza.

Mwenye mzazi mgonjwa wa kisukari asiachie jambo hili muuzaji. Mzee akaguliwe miguu kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, na lengelenge lolote lionyeshwe zahanati mapema. Asitembee pekupeku hata uani.

Mwezi wa harusi ulipofika tulirudi Garsen, na mvua nayo ikaturudia. Safari hii shangazi ndiye aliyempeleka mjomba dukani, jioni, akawa anabonyeza ncha za viatu kwa kidole kama anayepima embe. Walirudi na viatu vyeusi visivyo na kamba, vipana mbele, vyenye soli ya mpira. Lakini mjomba hakuvivaa njiani. Vilisafiri ndani ya mfuko, na mwenyewe akatembea matopeni kwa gambuti na soksi nene.

Mlangoni kwa wakwe aliketi, akanawa, akakausha miguu, akaikagua, kisha akatumbukiza viatu vyake vipya. Aliingia bila kuchechemea, na ngoma ilipoanza, hakuna aliyeweza kumkalisha.