Nyoka: Tumpishe Njia, Tuwahi Hospitali

Wakati wa kulima na wa kuvuna, sisi wauguzi huwapokea watu walioumwa na nyoka. Wengi ni wakulima na watoto, na wengi wamechelewa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka tatizo hili katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele.

Nyoka hamtafuti mtu. Huja nyumbani akifuata panya, wale wale wanaotumalizia mahindi ghalani. Huuma akikanyagwa, akishikwa au akichokozwa. Kifutu ni wa kuangaliwa sana, kwani hakimbii; hulala kimya njiani, akifanana na majani makavu.

Tujikinge hivi:
- Tufyeke nyasi kuzunguka nyumba, tuhifadhi nafaka mbali na panya.
- Usiku tutembee na tochi na viatu.
- Tusiingize mkono shimoni au kwenye kuni bila kutazama.
- Tulale ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro.
- Tukimwona nyoka, turudi nyuma polepole. Anayetaka kumwua humsogelea, na hapo ndipo huumwa.

Mtu akiumwa:
1. Mtulizeni. Asitembee, abebwe.
2. Mvueni pete, bangili na viatu kabla hajavimba.
3. Fungeni ubao kwenye mguu au mkono, kama uliovunjika, bila kukaza.
4. Mpelekeni hospitali mara moja. Msipoteze muda kumsaka nyoka.

Swila akitema mate machoni, osheni macho kwa maji mengi safi, kisha nendeni hospitali.

Msichanje, msinyonye jeraha, msipake mafuta ya taa. Kamba iliyokazwa huzuia damu, na mguu waweza kuoza. Na jiwe jeusi je? Wapo wasemao, "Lilimponya jirani yetu." Lakini nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Jirani huyo angepona bila jiwe. Jiwe hilo ni mfupa uliochomwa. Haliondoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Saa mnazolisubiri ndizo saa ambazo mgonjwa angekuwa anatibiwa.

Dawa ya kupambana na sumu hutolewa hospitali tu, chini ya uangalizi, wala si kila kituo kinayo. Basi kila familia iulize sasa, kabla ya ajali: ni hospitali ipi ya karibu yenye dawa hiyo, na usiku tutafikaje huko?